Dakika Sabini za Njia ya Tatu

Kiwandani, 4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba dereva wa basi hakuisahau chini ya kiti kama ile ya Desemba.

Humu ndani nimekuwekea kurasa za majaribio za toleo la tatu la *Njia Nyepesi za Bondeni*. Zisome ukiwa na kalamu mkononi. Ukiona kosa liwekee alama pembeni, usinifutie sentensi nzima kama mara iliyopita. Nilikaa siku mbili nikijiuliza chini ya ule wino kulikuwa na mti au daraja. Picha zimetoka vizuri. Ile ya mto unapopinda, ukungu umekaa juu ya maji, mchapaji wetu ameibandika ukutani juu ya mashine yake, na yeye si mtu wa kubandika vitu.

Kuna jambo moja tu. Unajua kazi yangu ni kusoma kile ambacho wenzangu wote wameshasoma na kukichoka. Toleo la kwanza, Njia ya Tatu, kutoka daraja la mbao hadi maporomoko madogo: dakika arobaini. Toleo la pili: hamsini na tano. Sasa umeniletea sabini. Nilidhani kidole cha mtu kimeteleza hapa kiwandani, nikalinganisha na karatasi zako, nikakuta ni mwandiko wako mwenyewe. Nikaangalia njia nyingine. Zote saba zimeongezeka.

Ofisi ya Bonde nayo imeliona. Wamemwandikia bosi wangu wakitaka maelezo kabla hatujachapa, na ndani ya barua yao kuna maneno sikuyapenda: "iwapo Mtunza Njia bado anaimudu kazi." Mjomba, ile nyumba unayokaa ni yao. Wakikuondoa kwenye njia wamekuondoa na kwenye nyumba. Nipe maelezo mazuri niwapelekee, na usikawie.

Mama hajambo kwa kiasi chake. Nyonga mpya imepona. Daktari kasema imepona, mtaalamu wa mazoezi kasema sasa inataka kutembezwa, na mwenyewe anasema itatembea siku ikijisikia. Huu mwezi wa nane hajashuka ngazi. Asubuhi namwacha kwenye kiti cha dirishani, jioni namkuta hapo hapo. Sijui nimfanye nini tena.

Mpwa wako,
Kalamu Nyekundu


Bondeni, 13 Februari

Kalamu,

Marahaba. Safari hii dereva kanikabidhi barua mkononi. Nilimwambia akiisahau tena nitampaka kioo cha mbele rangi ya njano, na rangi ninayo.

Ungenipigia simu ningekujibu siku ile ile, lakini unajua huku chini simu kazi yake ni kuonyesha saa. Mpaka nipande juu ya bonde ndipo ikumbuke kuwa ni simu.

Picha nimezipenda. Ukurasa wa tisa mmeandika kwamba ndege mdiria hupiga mbizi "mara chache". Mwandishi wenu alikaa dakika ngapi? Leo asubuhi nimekaa kwenye benchi la pili la Njia ya Tatu na nimemwona akipiga mbizi mara sita, na mara nne katoka na samaki. Maji yameshuka, mawe ya kuvukia yameonekana yote, na matete ya upande wa pili yamekuwa marefu kuliko mimi. Huu ndio wakati wa kuja.

Sasa nikueleze njia inavyopimwa, maana wewe ni mtu wa karatasi. Kila mwaka matope yakikauka napita kila njia mara tatu, saa ikining'inia shingoni na kopo la rangi mkononi, na naandika ule muda wa katikati, si mfupi wala si mrefu. Njia haipati mshale wa njano, yaani haiitwi nyepesi, mpaka niipite nikisimulia hadithi kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama kutafuta pumzi. Wageni hunikuta nikisema peke yangu na wananipisha kwa heshima zote. Kazi niliikuta inafanywa hivyo na sijaona sababu ya kuibadilisha.

Kuhusu hizo dakika: mwaka juzi mto uliula ukingo pale kwenye mawe meupe, ikabidi niizungushe njia kwa juu. Njia imerefuka. Tena nimeweka mabenchi, na watu wakiona benchi wanakaa. Waambie hivyo wakuachie uchape.

Msalimie dada. Mwambie nilipanda ua ule wa zambarau alionipa, na mbuzi wa jirani anamshukuru sana.

Mjomba wako


Kiwandani, 20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Maelezo yako niliyapeleka, na yamerudi.

Bosi alitandaza ramani mezani tukahesabu. Huo mzunguko wa kwenye mawe meupe ni hatua mia mbili, na hatua mia mbili hazili nusu saa. Tena Njia ya Kwanza na ya Sita haziko hata karibu na mawe meupe, nazo zimeongezeka vile vile. Ofisi ya Bonde haijaridhika. Tarehe 18 Machi wanamleta mpimaji wao na gurudumu la kupimia, apite njia zote saba pamoja nawe.

Nisamehe kwa hili ninalotaka kuuliza. Ulipokuja Juni kumwona Mama hospitalini, ulisubiri lifti robo saa nzima kushuka kutoka ghorofa ya pili. Nilidhani umechoka na safari. Juzi nimelikumbuka nikiwa nimeshika karatasi zako, na halijanitoka. Mjomba, ni mguu?

Mama nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye "njia imerefuka" alicheka, na mimi sijamsikia akicheka tangu aanguke. Halafu akaomba nimwachie zile kurasa za majaribio. Nimemwachia. Angalau ana kitu cha kutazama zaidi ya paa za watu.

Mpwa wako,
Kalamu


Bondeni, 27 Februari

Mpwa wangu,

Mguu wangu mzima. Lifti nilisubiri kwa sababu nilikuwa sijawahi kupanda lifti.

Mpimaji na aje. Nimepita njia hizi miaka ishirini na sita, tangu yeye hajajua kufunga kamba za viatu. Wewe chapa kama nilivyoandika, na kalamu yako ipumzike.

Mjomba wako,
ambaye si mgonjwa wa mtu


Nyumbani, ghorofa ya tatu, 2 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii nimempa jirani wa ghorofa ya pili akaitume. Ukinijibu, tumia anwani yake niliyoandika nyuma ya bahasha, usitumie ya kwetu. Mwanangu hajui chochote na nataka iendelee kuwa hivyo kwa siku chache.

Kwanza, uongo wako. Mimi nimeshona nguo za watu miaka thelathini. Nimewapima viuno wanawake wanaovuta pumzi ndani ili namba ipungue, na siku zote nilikuwa nasubiri tu waishiwe pumzi. Kwa hiyo usiniambie habari za mto kula ukingo. Ni goti, na ni la kulia, maana tangu utotoni ndilo ulilokuwa ukilipiga kwenye kila kitu. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba najua, usije ukachoka bure.

Sasa uongo wangu. Binti yangu anadhani nakaa dirishani kutwa nzima. Akitoka tu, natembea. Nilianza Desemba, kutoka kitandani mpaka mlangoni, nikashika ukuta. Halafu ukumbi wote wa ghorofa, kwenda na kurudi, mkongojo mkono mmoja na jirani upande wa pili. Januari tulianza ngazi. Saa kumi na nusu narudi kwenye kiti, najifunika shuka magotini, na mwanangu akiingia ananikuta kama alivyoniacha. Ukiniuliza kwa nini namficha, jibu lenyewe halinipendezi. Mwaka jana nilijaribu mbele yake nikadondoka kwenye zulia, na uso alioufanya siutaki tena. Nilisema atakuja kuniona siku ninayoweza kweli.

Na sasa hizi karatasi zako. Nimesoma Njia ya Tatu mpaka naijua kwa moyo. Kitabu cha zamani kilisema dakika arobaini, na kila nilipokisoma nilikifunga. Dakika arobaini si zangu. Ningekuwa nusu ya njia wakati wenzangu wameshakunywa chai na kuondoka. Lakini nilipoona sabini, mdogo wangu, nilichukua saa ya mezani na kutoka ukumbini. Nilikwenda na kurudi kwa dakika sabini, na kuketi nilipotaka kuketi. Nilimaliza.

Nataka kuja. Mwanangu anakwenda kwenye maonyesho ya vitabu tarehe 16, siku nne. Basi linatoka saa mbili asubuhi. Niambie ukweli, mara hii tu: njia hiyo ninaiweza?

Dada yako


Bondeni, 7 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Ni goti, na ni la kulia. Huu ni mwaka wa tatu. Mteremko ndio unaonimaliza, kupanda si kitu. Kwenye ngazi za mawe nashuka ubavu ubavu, na nikisikia wageni wanakuja najifanya naangalia rangi ya mshale. Yale mabenchi saba wanayoyasifu wote, mpaka Ofisi ilinipa barua ya pongezi, niliyaweka kila mahali goti lilipokataa kwenda. Sikupima kitu. Lilipouma, nilirudi kesho yake na mbao. Barua ya pongezi nimeiweka droo ya chini kabisa, maana kila nikiiona natahayari.

Lakini saa sikuidanganya, dada. Kila dakika niliyoandika nimeitembea. Ningeweza kunakili arobaini ya zamani na hakuna mtu angenishuku. Nilishika kalamu kuiandika, mkono ukakataa. Mtu anakuja huku na kitabu changu mkononi, jua lina muda wake, na yeye ameamini nilichoandika.

Naogopa, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Mpimaji akiniona ninavyoshuka ameshaona kila kitu. Njia watampa mwingine, na nyumba inafuata njia. Sijui mimi ni nani nikiwa siko kwenye njia hizi. Mjini kwenu nitakaa dirishani kweli, si kama wewe.

Umeniuliza swali. Ndiyo, unaiweza. Mwanzo wake ni tambarare, miti imefunika juu, na mto uko mkono wa kushoto mwendo wote, kwa hiyo huwezi kupotea hata ukitaka. Kipande kibaya kimoja tu, hatua thelathini baada ya benchi la nne, na hapo tutashikana. Shuka kituo cha mwisho. Nitakuwa nimesimama hapo tangu saa nne.

Mdogo wako


Kiwandani, 9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Usinikasirikie mpaka umalize kusoma.

Nimesahihisha muda wote kwenye kurasa. Njia ya Tatu imerudi dakika arobaini, na nyingine sita nimezirudisha kama zilivyokuwa toleo la kwanza. Ofisi ya Bonde nimewaandikia kwamba makosa yalitokea hapa kiwandani, kwamba mimi ndiye niliyechanganya karatasi. Bosi amenitazama kwa jicho moja lakini ametia sahihi. Kwa hiyo mpimaji akija na gurudumu lake atapata arobaini, kitabu kitasema arobaini, na hakuna atakayeuliza habari za mguu wa mtu. Siku hiyo sema una homa. Mwache apite peke yake. Mashine inawashwa tarehe 20.

Najua hukuniomba. Lakini wewe ndiye uliyenilipia shule, ukanifundisha kusoma ramani kabla sijajua kusoma gazeti, na mimi sina kingine cha kukupa zaidi ya kalamu hii. Sikubali wakutoe kwenye ile nyumba kwa sababu ya namba.

Jambo moja limenishangaza. Jioni nilimweleza Mama nilichofanya, nikamwachia kurasa mpya, nikidhani atafurahi. Akasukuma sahani pembeni, akasema, "Arobaini ya nani?" Nikamwambia ya zamani, ya kawaida. Leo asubuhi nimemwacha dirishani na hata hakugeuka nilipomuaga.

Jumamosi ijayo, tarehe 16, nakwenda kwenye maonyesho, narudi tarehe 19 jioni. Jirani wa chini ameahidi kumwangalia. Mbona alicheka nilipomwomba, sijaelewa.

Mpwa wako,
Kalamu


Nyumbani, 16 Machi

Mwanangu,

Ukiisoma karatasi hii utakuwa umerudi na utakuwa umenitafuta chooni na barazani. Acha kunitafuta. Nimekwenda kwa mjomba wako. Nimeshuka ngazi zote kwa miguu yangu, jirani amenibebea begi tu, na mkongojo ninao. Mchuzi uko kwenye friji, upashe moto, usiule baridi umesimama.

Natembea tangu Desemba. Nilikuficha kwa sababu uliniogopea sana, nikaanza kujiogopea na mimi. Hukufanya vibaya. Umenilea miezi minane bila kulalamika hata siku moja, na mimi nilikuwa nakudanganya na shuka magotini. Nisamehe kwa hilo.

Hizo kurasa zako nimezichukua. Umezisahihisha vizuri sana, mistari imenyooka. Lakini dakika sabini zilikuwa za mtu. Zilikuwa za mjomba wako, na mimi nilipozisoma zikawa zangu. Ukichapa arobaini utakuwa umetuondoa wote wawili njiani, na hakuna mpimaji aliyekutuma.

Kabla mashine haijawashwa, subiri barua yetu.

Mama


Bondeni, 19 Machi

Kalamu,

Barua hii inakuja na mpimaji mwenyewe. Anarudi mjini kesho alfajiri na ameahidi kuipitisha kiwandani kwenu kabla hajafika kwake. Usimkaripie, ni mtu mzuri.

Mama yako yuko hapa, mzima, anapanga mapazia yangu upya. Anasema yameshonwa na adui.

Ya homa sikuyaweza. Mpimaji alifika jana saa tatu, mwanamke wa makamo, mchangamfu, gurudumu lake likilia tik tik kila mita. Nilikuwa nimeshajifunga soksi nene juu ya goti ili lisionekane kuvimba. Akasema tuanze na ya Tatu, ndiyo yenye mgogoro. Akapita kwanza peke yake: dakika thelathini na nane. Aliporudi darajani akamkuta mama yako amesimama na mkongojo, kavaa kofia yangu, na karatasi zako mkononi. Mama yako akamsalimia, akamwambia, "Sasa nipime mimi."

Tukaenda watatu. Mama yako aliketi benchi la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne alikaa sana, akamwona mdiria akipiga mbizi, akaniambia yule ndege anajua kazi yake. Zile hatua thelathini mbaya nilimshika mkono, au yeye ndiye aliyenishika, maana hapo ndipo goti liliponiacha. Nikashuka ubavu ubavu mbele ya mpimaji na macho yake yote mawili. Tulifika kwenye maporomoko. Mama yako akavua viatu, akaingiza miguu majini, akalia. Mimi pia nililia kidogo, kwa sababu zangu. Mpimaji aliangalia saa: dakika sabini na nne.

Ndipo akauliza ni nani aliyepanga yale mabenchi, na kwa kipimo gani, maana yamekaa pale pale mama yako alipohitaji kukaa, yote. Ningeweza kumwambia ni utaalamu. Barua ya pongezi ninayo. Nikamwambia ni goti langu, nikakunja suruali nikamwonyesha. Nikamwambia pia kwamba hukuchanganya karatasi yoyote, kwamba uliandika vile kunikinga. Samahani kwa hilo, lakini sikuweza kukuacha na kosa ambalo si lako.

Hakuniambia lolote la kunitia moyo. Aliandika ukurasa mzima kwenye daftari lake, kisha akauliza kama anaweza kukaa kidogo kwenye benchi la tano. Ofisi itaamua. Ikiniondoa, itaniondoa kwa ukweli.

Kitabu ni chako sasa. Fanya unaloona ni sawa.

Mjomba wako


Kiwandani, 25 Machi

Mama, Mjomba,

Shikamooni nyote wawili. Nimekasirika kwa siku tatu, halafu hasira imeniishia kwenye ngazi. Nilikuwa nashuka kwenda kazini nikahesabu vidato, ni hamsini na nne, nikakumbuka mmoja wenu alivishuka na mkongojo akifurahi. Nilikaa pale kidatoni nikacheka na kulia mpaka jirani akatoka kuniangalia. Naye nimempa yake ya kusikia, msaliti mkubwa.

Mpimaji alifika asubuhi ya tarehe 20. Mchapaji alikuwa ameshaweka karatasi na mkono uko kwenye swichi. Nilimwambia asubiri. Nikaenda kwa bosi nikamweleza kwamba nilidanganya, na kwamba nataka kurudisha namba zote. Alininunia kwa kiasi ninachostahili. Kisha akaniuliza wasomaji watajuaje hizo dakika ni za nani, nikaenda nikaandika mistari mitatu, naye akaipitisha bila kugusa hata mkato. Inakaa ukurasa wa kwanza, kabla ya ramani:

"Muda wa njia hizi umepimwa na mzee mwenye goti bovu, pamoja na dada yake mwenye nyonga mpya. Walikaa kwenye kila benchi. Wewe ukiwa na haraka, toa nusu."

Vitabu vimetoka jana. Nimewatumia kumi kwa basi. Mchapaji amechukua kimoja kwa ajili ya baba mkwe wake, amelipia mwenyewe.

Ofisi ya Bonde wametuandikia kwamba muda wameukubali. Kuhusu Mtunza Njia wamesema watamwandikia mwenyewe, na hapo sijapumua tangu niisome. Mjomba, wakikuondoa, chumba cha Mama kina nafasi ya vitanda viwili. Mama, rudi Jumamosi hii. Kiti chako nimekisogeza mbali na dirisha, najua hukitaki tena pale, lakini nyumba ni kimya na nimezoea kuuliza umekula nini.

Mpwa wako, Mjomba, na mwanao, Mama,
Kalamu


Bondeni, 4 Aprili

Mwanangu,

Mjomba wako hakuandikii kwa sababu amenuna. Nimeichukua kalamu mimi.

Barua ya Ofisi imefika Jumatatu. Aliisoma mara tatu, akatoka nje, akaipaka rangi nguzo ambayo nilimwona akiipaka juzi. Nilipoisoma mwenyewe nikaelewa. Hawamwondoi. Mpimaji amewaandikia kwamba hajawahi kupita njia nyepesi iliyo nyepesi kweli kama ya Tatu. Lakini lazima goti litibiwe, na daktari anataka alipumzishe miezi sita. Miezi hiyo nyumba inabaki yake, na kazi inabaki yake, kwa sharti moja: awepo mtu wa nyumbani mwake wa kupita njia zote saba kila wiki, kuangalia mishale, na kutia sahihi kwenye daftari la ukaguzi.

Mjomba wako alisema mtu huyo hayupo, kwa hiyo bora akatae matibabu. Nilimwacha aseme mpaka amalize. Kisha nikachukua daftari nikatia sahihi. Alinitazama kama nimeiba kuku. Tangu siku hiyo ndiyo amenuna, lakini jana nimemkuta ananinolea ncha ya mkongojo na kuifungia mpira usiteleze kwenye mawe.

Anakuja Jumanne na basi la mchana. Mpe chumba changu. Daktari ni yule yule wangu, kadi iko kwenye kabati la vikombe. Sasa nisikilize, maana huyu namjua tangu anatambaa. Atakwambia amefanya mazoezi. Usimwamini mpaka umeona jasho. Atakwambia kiti cha dirishani kinamtosha. Mpe wiki moja, ukitoka kazini mapema siku moja bila kumwambia, utamkuta yuko ukumbini na jirani, anapima. Ukimkuta, rudi chini taratibu, zunguka mtaa, uingie saa ile ile uliyozoea.

Na wewe, mwanangu, njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, bila dawa, bila orodha ya maswali. Nimekosa kukusikia ukiingia na viatu vyako vya kelele. Nitakuonyesha njia yote, na utanifuata nyuma.

Kalamu yako ije ikiwa imefungwa. Jana Njia ya Tatu nimeipita kwa dakika sitini na sita. Usibadilishe kitabu.

Mama yako,
Mtunza Njia wa Muda